Aliyefungwa Anapisha

Kwenye banda la fundi viatu, nyuma ya kituo cha basi, kulikuwa na sheria moja: aliyefungwa anapisha. Unakaa kwenye benchi, unacheza drafti, ukifungwa unanyanyuka na mwingine anakaa. Haikuandikwa popote. Mwalimu mkuu alifungwa, akapisha. Askari wa barabarani alifungwa, akaipapasa filimbi yake kama mtu anayetafuta ushauri, akapisha. Mhubiri mmoja alifungwa, akasema hayo ni mapenzi ya Mungu; akaambiwa sawa, na mapenzi hayo yanapisha.

Fundi naye alipisha, ingawa banda lilikuwa lake, benchi lake, na ubao aliuchora mwenyewe kwenye kipande cha plaiwudi. Akifungwa alirudi kwenye kazi yake, akajaza misumari mdomoni, na hapo hakuna aliyeweza kumsikia akilalamika.

Binti yake alikulia chini ya benchi hilo. Kete zilikuwa vizibo vya soda, za upande mmoja zimelala kifudifudi, za upande wa pili chali. Alipokuwa anatambaa alimeza kimoja. Wachezaji walisikitika sana, hasa yule aliyekuwa anaongoza. Mchezo ukasimamishwa mpaka kete iliporudi kwa njia zake, ikaoshwa, ikawekwa pale pale ilipokuwa, na aliyekuwa anaongoza akashinda. Tangu hapo mtoto akaitwa Kizibo. Mama yake alilikataa jina hilo kwa miaka, kisha siku moja akajikuta analitumia kumwita aje kula.

Kizibo alipofikia umri wa kuvaa sketi ya sekondari, hakukuwa na mtu pale kituoni aliyekaa mbele yake kwa amani. Wanaume wazima walikuwa wakimwona anakuja wanakumbuka wameacha sufuria jikoni.

Ilipofika likizo ndefu, mama yake mdogo alikuja na habari ya kazi. Huyu alikuwa mpishi kwa tajiri mmoja upande wa mji wenye miti mingi kuliko watu. Tajiri alikuwa na kiwanda cha magodoro, na nyuma ya mgongo wake aliitwa Mzee Godoro. Alipenda kuwaambia wageni kwamba nusu ya mji inalala juu yake. Wafanyakazi walisema ni kweli, na nusu iliyobaki hailali kwa sababu inamfanyia kazi.

"Wanataka msichana wa bwawa," alisema mama mdogo.

"Wa kufanya nini?"

"Kuopoa majani kwenye maji. Kukunja taulo. Kupeleka juisi."

"Kwani wao hawana mikono?"

"Wanayo. Ndiyo inayoshika juisi." Mama mdogo akamvuta karibu. "Sikiliza, mwanangu. Huo mdomo uuache hapa kwa baba yako. Mimi nina chumba kule, nyuma ya jiko. Kina dirisha, kina mlango, na ufunguo nakaa nao mimi. Tangu nizaliwe nimelala na watu: dada zangu, watoto wa dada zangu, mpaka mbuzi wa jirani wakati wa mvua. Kile ndicho chumba changu cha kwanza. Ukiharibu, hawakufukuzi wewe peke yako. Pale wanafukuza ukoo."

"Sitasema kitu."

"Hata kwa macho usiseme. Macho yako yana kelele."

Basi Kizibo akaenda kwa matajiri na mdomo wake ameufunga kama kiatu kilichotoka kushonwa.

Nyumba ilikuwa na mageti mawili, moja la watu na moja la wafanyakazi. Njia ya wafanyakazi ilipita nyuma ya ua mrefu wa maua, ili mgeni akitazama bustani aone kwamba majani yanajifagia yenyewe. Mbwa alikuwa na mwavuli wake. Kwenye bwawa kulikuwa na bata mkubwa wa plastiki ambaye kila asubuhi alikutwa amesinyaa, na kazi ya kwanza ya Kizibo ilikuwa kumjaza upepo kwa pampu ya mguu mpaka kichwa kisimame. Baada ya hapo bata huyo alielea kutwa nzima bila kupandwa na mtu. Alikuwa, alisema mlinzi, ndiye bata pekee nchini mwenye mfanyakazi.

Binti wa nyumba alikuwa rika lake. Alilala kwenye kiti kirefu amejipaka mafuta akang'aa kama sambusa, simu usoni. Wafanyakazi walimwita Binti Bosi. Siku ya kwanza alishusha miwani ya jua akauliza:

"Unajua kuogelea?"

"Hapana."

"Sasa ukidumbukia?"

"Nitayanywa yote, nitoke kwa miguu."

Binti Bosi akaivua miwani kabisa. "Yule wa mwaka jana alikuwa anasema ndiyo tu."

"Ulikuwa unamuuliza nini?"

"Sikumbuki," alisema Binti Bosi, na ilionekana swali hilo limemkaa, kwa sababu simu ilizimika mkononi mwake na hakuiwasha.

Zilipita siku chache kabla Kizibo hajagundua kazi kuu ya nyumba ile ni ipi. Haikuwa kupika, wala kufua, wala kulinda. Ilikuwa kufungwa.

Kila alasiri, Mzee Godoro alipoamka usingizini, alitoka kwenye veranda na kukaa kwenye kiti chake. Kilikuwa kiti cha ngozi chenye mgongo mrefu na mikono iliyochongwa, kiti ambacho kingemfanya hata kuku aonekane hakimu. Mbele yake kulikuwa na ubao wa drafti wa mawe, meusi na meupe, na kete zilizong'arishwa kama vifungo vya koti la mfalme. Upande wa pili kulikuwa na kigoda. Aliyekaa kwenye kigoda alitazama ubao kwa pua.

Pale hakupisha mtu. Mzee alikaa, wengine wakaja mmoja mmoja kufungwa, wakarudi kazini.

"Mimi kwenye karatasi ni dereva," dereva alimweleza Kizibo nyuma ya ua, anafuta gari lisilo na vumbi. "Lakini kuendesha gari mtu yeyote anaweza. Kufungwa ndiyo fani. Ukifungwa haraka, atasema unamdharau. Ukichelewa, chai yake inapoa. Unatakiwa ufike katikati, umtishe kidogo, akunje uso. Halafu unakuna kichwa."

"Unakuna kichwa?"

"Hapo anajua ameshakupata. Unakuna, unasema, 'Dah, mzee, hii umeitoa wapi?' Kila mtu na staili yake. Mlinzi huwa anaguna. Mtunza bustani anasahau kete, anaiacha pale inaliwa kama karanga. Mama yako mdogo ndiye bingwa wetu."

"Bingwa wa kufungwa?"

"Hagusi kichwa, haguni. Anashusha pumzi moja tu, anafuta mikono kwenye aproni, anarudi jikoni. Ukimwona utalia. Mzee akimfunga yeye, chakula cha jioni anakisifia mara mbili."

Kizibo alicheka. Kisha akafikiria, akaacha kucheka.

Zamu yake ilikuja kwa bahati mbaya. Dereva alikuwa ametumwa mjini, mlinzi yuko getini, mtunza bustani amejaa tope hadi kwenye viwiko. Mzee Godoro akaangaza macho kwenye himaya yake akitafuta mtu wa kumshinda, yakatua bwawani.

"Wewe wa taulo. Unajua drafti?"

Kwenye dirisha la jiko uso wa mama mdogo ulitokeza. Haukusema neno, lakini mtu angeweza kuusoma kutoka ng'ambo ya barabara.

"Kidogo, mzee."

"Kidogo inatosha. Kaa."

Alikaa kwenye kigoda. Kabla ya kikombe cha chai kupoa alikwishamjua mzee mzima, ndani na nje. Mzee alicheza kama mtu ambaye hajawahi kuambiwa subiri. Alisukuma kete zake zote mbele kwa pamoja, nyuma kukabaki kweupe, akiamini barabara itafunguliwa. Kizibo aliona mlango mmoja wa kumla kete mbili. Akapita kama hajauona. Akaona mwingine wa kete tatu. Kidole chake kikaenda chenyewe, ikabidi akikamate kwa mkono wa pili kama mtoto dukani. Mwisho akafanya kama dereva alivyomfundisha, akakuna kichwa.

"Usijali, binti," alisema Mzee Godoro akipanga upya. "Akili ya mchezo huu mtu anazaliwa nayo."

Kizibo alirudi kwa bata wake, akamkanyagia pampu mpaka bata akakaribia kupasuka.

Jumapili hakuwa na kazi, akaenda bandani. Baba yake alikuwa anabandika soli. Hakuinua kichwa.

"Umefungwa," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Unavyokaa. Umekaa pembeni ya benchi kama mtu anayesubiri kuambiwa apishe." Akatoa misumari mdomoni. "Umefungwa au umejifunga?"

Fundi akapiga nyundo mara kadhaa asiulize tena.

"Sikwambii kitu," alisema baadaye. "Shemeji yangu analala pale, na mimi siwezi kuchezesha chumba cha mtu kwa mkono wa mwanangu. Ila nikuulize. Unajua ni nani aliyenifunga mara nyingi kuliko wote kwenye benchi hili?"

"Yule askari."

"Askari? Yule hata viatu vyake anavifunga vibaya. Ni mama yako mdogo."

"Mama mdogo yupi?"

"Unao wangapi? Alikuwa kama wewe, mdogo, mkavu, mdomo kama wembe. Siku nilipokwenda kumposa mama yako alinikuta nje kwao nasubiri kuitwa ndani, akaniambia, shemeji, kaa tucheze kimoja. Alinifunga mbele ya wajomba wote. Nikapisha. Nikaenda kuposa nimesimama." Fundi aliitabasamia soli. "Nilimchukua dada yake kwa woga. Nilijua nikikataliwa, yule atanicheka mpaka kaburini."

Kizibo hakuamini. Mama mdogo aliyemjua yeye alishusha pumzi moja na kufuta mikono.

Halafu ikaja siku ya kuzaliwa ya Mzee Godoro. Nyumba ikajaa magari, veranda ikajaa watu wenye manukato yaliyogombana hewani. Kulikuwa na keki yenye umbo la godoro, yenye mito miwili ya sukari. Na kabla ya chakula, mzee alitangaza burudani: atacheza drafti na nyumba nzima. Dereva, mtunza bustani, mlinzi, msichana wa bwawa, na wa mwisho mpishi.

"Nitawafunga wote," aliwaambia wageni, "halafu tutakula."

Jikoni mama mdogo alikuwa anapanga vipande vya kuku kwenye sinia. Kizibo akasimama mlangoni.

"Mama mdogo, wewe unaweza kumfunga?"

"Naweza kukata kitunguu."

"Baba kasema ulimfunga siku ya posa."

"Baba yako aongee habari za soli." Aliendelea kupanga kuku, kisha mikono ikasimama. "Nimefungwa na huyu mzee mpaka mkono umezoea. Siku hizi hata nikicheza ndotoni nafungwa. Naamka kwenye chumba changu mwenyewe, mlango umefungwa kwa ufunguo wangu mwenyewe, na nimefungwa." Akamtazama. "Lakini nina pa kuamkia. Chezea vyote, mwanangu. Chumba changu usikichezee."

"Sawa."

"Niahidi."

"Nitakuna kichwa," alisema Kizibo, na alikuwa anamaanisha.

Dereva alifungwa vizuri sana, alisema dah hadi mgeni mmoja akamhurumia. Mtunza bustani alisahau kete. Mlinzi aliguna kwa sauti ambayo ingeweza kufukuza wezi. Wageni walipiga makofi, Mzee Godoro akaegemea kiti chake, akawa kama anaota jua.

Kizibo alipokaa kwenye kigoda, mzee hakuanza mara moja. Aligeuka kwa wageni, kidole juu.

"Niwaonyeshe jambo. Watu wanalalamika. Wanasema sisi tulipendelewa. Haya, tazameni. Ubao ni mmoja. Kete zangu idadi ile ile na zake. Anaanza yeye. Nafasi sawa kabisa, na bado atafungwa, kama walivyofungwa wenzake. Ndiyo maana kuna wanaolalia godoro na kuna wanaolibeba."

Wageni wakacheka. Mmoja alisema hiyo iandikwe.

Kizibo aligeuza kichwa kuelekea jikoni. Mama mdogo alikuwa mlangoni na sinia lake. Alikuwa amesikia. Macho yake hayakumwambia mtu kitu. Yalikuwa yanatazama sakafu, kama yameangusha kitu na hayataki watu wajue.

Hilo ndilo lililoharibu ahadi. Kufungwa Kizibo angefungwa, tena kwa adabu. Lakini sasa kufungwa kwao wote kulikuwa kunafanywa ushahidi. Pumzi zote za mama mdogo, miaka yote ile, zilikuwa zimekusanywa na huyu bwana akazijengea hoja.

Akasogeza kete.

Mzee Godoro alikuja mbele kwa pamoja kama kawaida yake. Kizibo akamwachia kete moja njiani. Kwenye drafti kete ukiachiwa lazima uile, hata kama huna njaa. Mzee akaila, akawakonyeza wageni. Akamwachia ya pili. Akaila pia. "Mnaona?" alisema. Kisha Kizibo akanyanyua kete yake moja, akairusha juu ya kete ya mzee ya kwanza, tak, ya pili, tak, ya tatu, tak, ikatua mstari wa mwisho.

"Kingi," alisema.

Baada ya hapo haukuwa mchezo tena, ulikuwa ufagio. Alimla kete moja moja, bila haraka, na kila aliyoila aliiweka kando ya kikombe cha chai, zimepangika vizuri. Wageni walianza kwa kucheka, kisha wakasogea. Ilipobaki kete ya mwisho ya mzee, imebanwa pembeni haina pa kwenda, yeye ndiye aliyekuna kichwa.

Akainama kuelekea ubaoni kana kwamba anatafuta njia. Akasema kwa sauti ndogo, ya watu wawili:

"Nani kakuruhusu?"

Kizibo ndipo alipoelewa. Mzee hakuuliza umejifunza wapi. Hakuuliza umeniweza vipi. Alikuwa anajua. Siku zote zile, dah zote zile, miguno yote na pumzi zote, alikuwa anajua wanajifunga, na alikuwa anakunywa chai.

"Si umesema nafasi sawa, mzee," akajibu kwa sauti hiyo hiyo. Kisha akapandisha sauti, ile ya kituo cha basi, inayoweza kusikika juu ya injini. "Kwetu aliyefungwa anapisha."

Hata mbwa chini ya mwavuli wake aliinua sikio. Mzee Godoro alishika mikono ya kiti kama mtu aliye kwenye mashua.

Kicheko kilitokea upande wa ukutani. Kilikuwa cha Binti Bosi.

"Pisha, baba."

"Wewe nyamaza."

"Umenifunga tangu sijaota meno ya mbele, na kila siku unaniambia sheria ni sheria. Pisha."

Wageni, ambao hawakuwa na uhakika kama huu ni mzaha, waliamua kwa usalama wao kwamba ni mzaha. Wakaanza kupiga makofi. Pi-sha, pi-sha. Mtu mwenye wageni wengi hana pa kujificha. Mzee alinyanyuka, na ngozi ya kiti ikatoa sauti ndefu, ya aibu, iliyofanya makofi yaongezeke.

Kizibo akazunguka meza, akakaa. Kiti kilikuwa bado kina joto.

"Anayefuata," alisema, kisha akakumbuka anayefuata alikuwa mpishi.

Mama mdogo alikuja. Watu walimpisha walipouona uso wake. Kizibo alijua sasa atakokotwa kwa sikio mbele ya keki, na alijua ni haki. Mama mdogo akalitua sinia la kuku mikononi mwa mgeni aliyekuwa karibu, bwana mnene mwenye suti nyeupe, ambaye alilipokea bila kufikiri na akabaki nalo. Akavuta kigoda. Akafuta mikono kwenye aproni.

"Panga," alisema.

"Mama mdogo, samahani, nilitaka..."

"Nimesema panga."

Wakacheza. Na Kizibo, ambaye mwalimu mkuu alimkimbia, ambaye askari alimwogopa, aliona kwa mara ya kwanza jinsi inavyokuwa upande wa pili. Mkono wa mama mdogo ulienda kama kisu kwenye kitunguu. Kila mlango aliofungua Kizibo ulikuwa tayari una mtu ndani. Alitega, akategewa, alikimbia, akakutwa alikokimbilia. Mzee Godoro mwenyewe alisogea, mdomo wazi, akitazama mwanamke aliyeshusha pumzi mbele yake miaka nenda rudi akikata watu kama mchicha.

"Pisha," alisema mama mdogo.

Kizibo alinyanyuka anacheka, machozi yanamlengalenga. Mama mdogo akaketi kwenye kiti cha ngozi. Akaegemea. Akaweka mkono huku na mkono kule, akajaribu kama kiti kinamtosha. Kilimtosha.

"Nani anafuata?"

Dereva akanyoosha mkono. Mlinzi akasema yeye alikuwa mbele yake. Mtunza bustani akakumbuka ghafla kwamba ana kumbukumbu. Foleni ikajipanga, na mwenye nyumba akabaki amesimama nyumbani kwake bila pa kukaa.

"Hili niliweke wapi?" aliuliza bwana wa suti nyeupe, bado na sinia.

"Gawa tu, baba," alisema mama mdogo bila kutoa macho ubaoni. "Anza na watoto."

Akagawa.

Wageni walipoondoka, dereva alimletea Kizibo ujumbe kwamba kesho asije. Ujumbe wake mama mdogo alipewa na mzee mwenyewe, asubuhi, kwenye veranda. Alikwenda kuusikiliza akiwa na begi lake tayari na ufunguo kiganjani. Kizibo alikuwepo, amekuja kusaidia kubeba, amesimama nyuma ya ua wa maua mahali ambapo wafanyakazi hawaonekani.

"Jumamosi nitawaita wale wale," alisema Mzee Godoro. "Tutacheza mimi na wewe, mbele yao. Unajua la kufanya. Yaliyopita yatakuwa yamepita."

"Kupika nitapika, mzee," alisema mama mdogo. "Kufungwa nimeacha."

"Na chumba?"

Mama mdogo akaweka ufunguo juu ya ubao, kwenye mraba mweusi, katikati, akatoka kwa geti la watu.

Njiani Kizibo alibeba masufuria na dhambi zake.

"Nimekufukuzisha."

"Nani kafukuzwa? Hebu nisikie. Mimi nilifungwa?"

"Hapana."

"Anayepisha ni nani?"

"Aliyefungwa."

"Basi mimi sikupisha. Mimi nimeondoka. Na wewe leo unalala upande wa ukutani, mimi nakoroma."

Alikoroma kweli. Chumba cha Kizibo kilikuwa kidogo, na mama mdogo alizoea kujigeuza kama mtu mwenye chumba chake. Usiku mwingine aliamka, akapapasa ukuta kutafuta dirisha lisilokuwepo, akalala tena bila kusema. Kizibo alijifanya hajaona. Mchana mama mdogo aliweka jiko lake kando ya banda la fundi, akawauzia chai waliokuwa wanasubiri zamu, na kati ya birika na birika akawafunga.

Likizo ilikuwa inaishia pale gari refu liliposimama ng'ambo ya barabara. Dereva akashuka, akafungua mlango wa nyuma. Mzee Godoro alivuka barabara kwa miguu yake, jambo ambalo wengi pale hawakujua kama anaweza. Akasimama mbele ya benchi, ambapo Kizibo alikuwa anamfunga askari.

"Mzee, foleni," alisema mhubiri.

Mzee Godoro akatazama huku na huku kama anatafuta wa kumtuma akasimame badala yake. Kisha akaenda nyuma ya mhubiri. Jua lilikuwa kali na hapakuwa na mwavuli, hata wa mbwa. Zamu yake ilipofika akakaa, akapanga vizibo taratibu, akacheza kwa uangalifu mkubwa, na safari hii aliacha kete mbili nyuma zilinde nyumba. Kizibo aliliona hilo, akaliheshimu. Akamfunga.

Banda zima likamtazama.

Mzee Godoro hakunyanyuka mara moja. Alitoa ufunguo mfukoni akamnyooshea mama mdogo aliyekuwa kwenye jiko lake.

"Chumba hakijaingiwa na mtu," alisema. "Ukirudi, hakuna kujifunga."

Mama mdogo aliutazama ufunguo kwa muda mrefu kuliko alivyotaka ionekane. Akaupokea, akautia kwenye mfuko wa aproni.

"Nikirudi tunacheza kwa sheria ya hapa. Kiti chako kitakuwa na zamu."

"Lakini mtakuwa mnanifunga kila siku."

"Utazoea, mzee," alisema mama mdogo, anamimina chai. "Sisi tulizoea. Haya, pisha, kuna watu nyuma yako."